Sauti Nayo ni Mzigo

Kila mwaka, vijana wa Kidato cha Sita wanapomaliza mitihani yao, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Tabora, kama lizukavyo katika nyumba za Unguja na Pemba: kijana huyu atashika kazi gani? Siku hizi jibu mojawapo ni kazi ya kupokea simu katika vituo vya huduma kwa wateja. Mara nyingi kazi hiyo haidai shahada. Inadai cheti cha sekondari, Kiswahili fasaha, Kiingereza cha kutosha, mazoea ya kompyuta na, zaidi ya yote, subira.

Wapo wanaoidharau, kwa kuwa mfanyakazi wake hushinda ameketi akizungumza. Dharau hiyo haina msingi. Mzee wa Sikonge aliyetuma fedha kwa simu zikaangukia namba isiyo yake, na mama wa Micheweni ambaye laini yake imefungwa, hawana wa kumkimbilia isipokuwa mhudumu huyo wasiyemjua. Wizara ya Afya hupokea wananchi kwa namba 199, na namba 116 huwasikiliza watoto walio hatarini. Kote huko mhudumu hubeba hofu na hasira za watu ambao yeye hakuwakosea, mmoja baada ya mwingine, zamu nzima, wala hana ruhusa ya kujibu ukali kwa ukali. Sauti nayo ni mzigo.

Tabora haihitaji kuelezwa maana ya mzigo. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, misafara ambayo mtaji wake aghalabu ulikopwa Unguja. Waliobeba bidhaa zake kwa ujira walikuwa, kwa sehemu kubwa, vijana wa Kinyamwezi. Kwao safari ya pwani ilikuwa karibu sawa na jando: aliyerudi akiwa ameiona bahari alihesabiwa mtu mzima. Mzigo wa kawaida ulifika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mwendo haukuwa mfupi. Mwaka 1857 msafara wa Richard Burton ulitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora.

Hata hivyo, linalotupasa kulikumbuka zaidi katika habari ile ni mapatano. Mpagazi alijua kabla ya kuondoka atalipwa nguo kiasi gani, posho yake ni ipi, na kirangozi wake ni nani. Mapatano yalipovunjwa, wapagazi walitua mizigo, na msafara mzima ukasimama porini hadi shauri lilipokwisha. Watu wale hawakuwa na vyeti vya shule, lakini walijua thamani ya kazi yao.

Tena walijua tofauti ya mwenye msafara na wakala. Katika miaka ya 1880, mfanyabiashara Sewa Haji wa Bagamoyo alijipatia jina na utajiri kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi. Desturi ya namna hiyo haijafa. Leo mara nyingi kampuni ya simu haimwajiri mhudumu yenyewe, bali humpata kwa kampuni nyingine. Kijana huvaa nembo ya kampuni kubwa, hulitaja jina lake mamia ya mara kwa siku, kumbe mkataba wake uko kwa mtu mwingine. Jambo hilo si haramu, ila ni lazima alijue siku ya kwanza, maana siku ya ugomvi ataulizwa: mwajiri wako ni nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka mipaka: saa 45 za kawaida kwa wiki, na nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara kwa saa za usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kijana wa Visiwani anayevuka bahari kutafuta kazi hiyo Dar es Salaam aelewe kwamba huko atatawaliwa na sheria hiyo, wala si Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005. Aelewe pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kama ilivyotungwa mwaka 2004, haikumhusu aliyemtumikia mwajiri wake chini ya miezi sita. Kwa hiyo mkataba wa miezi mitatu mitatu si jambo la kutiwa sahihi pasipo kuuliza.

Wako na wale wasiokuwa waajiri wala mawakala. Hao hudai fedha za fomu, fedha za mafunzo na fedha za sare, kisha simu zao huzimwa. Mzazi wa Urambo aliyeuza tumbaku yake ili mtoto apate nauli ya treni na ada ya usaili hupoteza vyote viwili. Kijana na ashike neno hili: mwenye kazi hulipa, halipwi.

Lakini kuna swali kubwa zaidi, nalo linawahusu viongozi wetu. Wapagazi walihama kwa sababu mzigo haukuweza kwenda bila miguu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miguu ilipumzika. Sauti haihitaji miguu wala reli. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009 kwa shabaha ya kuiunganisha mikoa yote. Ikiwa mzee wa Sikonge anajibiwa kutoka Dar es Salaam, mbona mkazi wa Dar es Salaam asijibiwe kutoka Tabora, au kutoka Chake Chake? Kijana anayelala kwa wazazi wake hamalizi mshahara kwa kodi ya chumba na nauli ya daladala. Wizara na mashirika ya umma yenye namba zao za kupokea wananchi yanaweza kutangulia kuonyesha njia, na kampuni zitafuata.

Hilo litachukua muda na fedha. Liko jingine lisilongoja bajeti. Maofisa wa kazi, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba kila kijana anayeajiriwa kupokea simu anakabidhiwa nakala ya mkataba wake, kwa Kiswahili, ikitaja jina la mwajiri, mshahara, saa za zamu na muda wa kazi, kabla hajajibu simu ya kwanza.