Herufi moja mwisho wa namba: soma mbele ya kununua bareti ya RAM



Nimepoteza dola 40 juu ya herufi moja. Nachapa kazi za wanafunzi hapa Kasenyi, kando ya ziwa, kwa mashini ya mezani ya mitumba niliyoitoa Bunia. Iko na RAM ya giga 4 tu. Ukifungua kazi yenye picha nyingi pamoja na Chrome, kila kitu kinakwama, na mwanafunzi anangojea memwari yake (ile ya kutetea, si hii ninayoeleza) huku mafuta ya jenereta yanaisha.

Diski njo stoo, RAM njo meza ya kazi. Meza ikijaa, mashini inaanza kupeleka vitu stoo na kuvirudisha, njo maana taa ya diski haizimiki. Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo ya umeme inayovuja. Mashini inaijaza upya kila milisekunde 64 hivi. Umeme ukikatika, yote yamekwenda, hata ukiwa na giga 32. Hifadhi kazi yako!

Basi nikanunua mjini bareti mbili za giga 8, DDR3. Zikaingia vizuri kabisa. Nikawasha: feni zinazunguka, skrini nyeusi, bip, bip. Nilijua nimeua mashini. Nikarudisha ile ya zamani, ikawaka.

Kosa lilikuwa kwenye etiketi: PC3-12800R. Hiyo R maana yake bareti iko na chipu ya ziada katikati, inayopokea amri na kuzigawa kwa chipu zingine. Ni ya seva na ya mashini kubwa za kazi nzito. Kompyuta ya kawaida inataka U. Iko pia E, ambayo ni kama U lakini inasahihisha makosa: kwa kila chipu 8 utakuta ya 9. Mashini nyingi za kazi nzito zenye Xeon zinaikubali, ila usiichanganye na R.

Ule mkato wa chini hautakusaidia hapa. Unatenganisha DDR3 (pini 240, volti 1.5) na DDR4 (pini 288, volti 1.2), kwa hiyo ikikataa kuingia usilazimishe. Lakini R na U za DDR3 ziko na mkato uleule. Muuzaji mwenyewe hakujua, ama alijua akanyamaza.

Angalia pia Windows yako. Kama ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya giga 4, hata uongeze nini.

Siku hizi nafungua mashini kwanza, natoa bareti ya zamani, naenda nayo dukani. Miguu yake ikiwa na uchafu, naisugua polepole kwa gomu ya penseli. Imepakwa dhahabu, lakini kidogo sana, si ya kukuachisha njia ya Mongbwalu.

Zile mbili za R ziko bado kwenye droo, muuzaji alikataa kuzirudisha. Mwenye seva ya DDR3 anitafute, tusikilizane bei.