Je, Wajua? Uchumi Ukipanda, Asifiwe Nani?

Je, wajua kwamba Bunge la Tanzania likiikataa bajeti, wabunge wanaweza kujikuta mtaani wakiomba kura upya? Ibara ya 90 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likigoma kupitisha bajeti ya Serikali. Ukimwona mbunge ameichana bajeti kuanzia barabara hadi maji, kisha anakaa kwa kusema “naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja”, usimcheke sana. Ana kiti cha kulinda.

Je, wajua kwamba Gavana wa kwanza wa Benki Kuu alikuja kugombana na Mwalimu Nyerere kuhusu thamani ya shilingi? Edwin Mtei ndiye aliyekuwa gavana shilingi yetu ilipoanza kutumika Juni 1966. Mwaka 1979 alikuwa Waziri wa Fedha. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, na dola hazionekani. Mtei aliona hakuna namna ila kuelewana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, hata kama shilingi itashushwa thamani. Nyerere akakataa katakata. Wajumbe wa IMF wakafungasha, Mtei akajiuzulu. Mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu akahoji ni lini shirika hilo lilifanywa wizara ya fedha ya dunia nzima. Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo lina nguvu. Ila swali halinunui mafuta. Miaka michache baadaye Mtei alikuwa Washington, ameketi kwenye bodi ya IMF hiyohiyo, na mwaka 1992 akawa mwasisi wa Chadema.

Je, wajua kwamba mwaka 1983 kukutwa na katoni za sabuni kungeweza kukufikisha kwenye mahakama maalumu? Ndiyo ilikuwa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Wapo waliotupa bidhaa porini usiku kwa hofu. Sokoine alipendwa kwa hilo na bado anapendwa, lakini msako haukujaza maduka, kwa sababu bidhaa zilizofichwa zilikuwa chache kuliko zilizokosekana.

Je, wajua kwamba “ruksa” ilianza kabla ya Mzee Ruksa? Hapa ndipo ubishi wetu wa kisiasa unapokosea zaidi. Wengi wanaamini Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, aliapishwa Novemba 1985 na kesho yake sukari ikarudi dukani. Ukweli ni kwamba mlango uliachwa wazi kidogo kwenye bajeti ya 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alikozipata. Waziri wa Fedha alikuwa Cleopa Msuya. Mwinyi alipoingia, Waziri wa Fedha akabaki Msuya. Mtu yuleyule, wizara ileile, rais mwingine. Kilichobadilika ni kwamba Mwinyi alikubali kilichomshinda mtangulizi wake: mwaka 1986 dola ilitoka takriban shilingi 17 hadi 40 katika miezi michache, na Agosti makubaliano na IMF yakasainiwa. Ujasiri huo ni wake, haupingiki. Maduka yakajaa. Mishahara ikawa haitoshi hata kuyatazama.

Je, wajua kwamba mwaka 1994 wafadhili walifunga bomba la misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela? Uhusiano ukachacha kiasi kwamba Denmark ikagharamia jopo la watu huru, likiongozwa na mchumi Gerald Helleiner kutoka Kanada, kuja kusuluhisha. Ripoti yao ya 1995 iliwakosoa wote wawili, aombaye na atoaye.

Je, wajua kwamba Mamlaka ya Mapato, TRA, ambayo sifa yake watu humpa Benjamin Mkapa, iliundwa kwa sheria namba 11 ya mwaka 1995, na Mkapa akaapishwa Novemba mwaka huohuo? Mamlaka ilianza kazi 1 Julai 1996. Mtoto alitungwa mimba nyumba moja, akazaliwa nyingine. Mkapa naye aliacha urithi: alihangaikia kufutiwa madeni, nchi ikahitimu mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa Novemba 2001, na msamaha mwingine mkubwa ukaja mwaka 2006, wakati Jakaya Kikwete ana miezi tu Ikulu.

Je, wajua kwamba Desemba 2014 uchumi wetu ulikua bila mtu kulima hata tuta moja la ziada? Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadilisha mwaka wa msingi kutoka 2001 hadi 2007, na pato la taifa likaonekana kubwa kwa zaidi ya robo. Hakuna aliyedanganya, shughuli zilizokuwa hazihesabiwi zilihesabiwa. Kenya ilifanya hivyo Septemba mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba kwa muda fulani kubishia takwimu rasmi kungeweza kukupeleka jela? Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuchapisha takwimu zinazopotosha zile za Serikali kuwa kosa. Benki ya Dunia ikalalamika, na mwaka 2019 kifungu kikalegezwa. Ilikuwa sheria mbovu, basi.

Je, wajua tuliingia uchumi wa kati kwa tofauti ya dola 44? Kizingiti kilikuwa dola 1,036 kwa kichwa, sisi tukawa na 1,080 kwa mwaka 2019. Benki ya Dunia ikatangaza Julai 2020, miezi mitatu na ushee kabla ya uchaguzi. Huo ni wastani. Haukumfikia kila mtu mfukoni.

Je, wajua uchumi ukiyumba au fedha zikipotea, anayeondoka ni waziri? Mtei 1979, Waziri Mkuu Edward Lowassa kwa sakata la umeme la Richmond Februari 2008, mawaziri sita kwa mpigo Mei 2012 baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Rais hubaki.

Je, wajua reli ya SGR ilianza kujengwa 2017 na abiria wakaipanda kwa mara ya kwanza Juni 2024? Sehemu ya fedha zake ni mkopo wa dola bilioni 1.46 uliosainiwa Februari 2020. Rais Magufuli alikopa, Rais Samia alikata utepe, marejesho tunalipa sote.