Guru na Diksha katika Mapokeo ya Gaudiya: Ukuu wa Mwalimu na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Neno la Kisanskriti guru lina maana ya msingi ya "mzito", yaani mtu mwenye uzito wa elimu na heshima. Katika madhehebu ya Kihindu yanayofuata njia ya bhakti, ambayo ni ibada ya kumpenda na kumtumikia Mungu, guru si mwalimu wa masomo tu. Yeye ndiye anayempokea mja katika silsila ya walimu na kumkabidhi mantra atakayoitumia katika ibada maisha yake yote. Heshima hiyo kubwa huzaa swali zito: mwanafunzi afanye nini pale mwalimu huyo anapopotoka? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea mapokeo ya Gaudiya, yanayomwabudu Krishna na yaliyoanzia Bengal katika karne ya 16 kutokana na mafundisho ya Caitanya. Hoja kuu ni kwamba mapokeo hayo humkweza guru na papo hapo humwekea mipaka. Diksha hufunga uhusiano wenye wajibu kwa pande zote mbili, lakini haimfanyi mwanafunzi kuwa mali ya mwalimu.

2.0 Diksha na Sababu Zake

Diksha ni tendo la guru kumpa mwanafunzi mantra na kumwingiza rasmi katika ibada. Jiva Goswami, mmoja wa wanazuoni wakuu wa karne ya 16 walioishi Vrindavan, anarejelea ufafanuzi wa kale unaolihusisha neno hilo na mambo mawili: kutolewa kwa elimu ya kiungu na kufutwa kwa dhambi. Wasifu wa Caitanya unasimulia kwamba yeye mwenyewe alipewa mantra na Ishvara Puri katika mji wa Gaya, alikokwenda kutimiza ibada za marehemu baba yake. Tukio hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa wafuasi wake humwamini kuwa ni Krishna aliyejidhihirisha. Ikiwa yeye alimpokea guru, hakuna mja anayeweza kudai kwamba hamhitaji.

Naye Rupa Goswami, katika Bhaktirasamritasindhu, anaorodhesha matendo 64 ya ibada. Matatu ya kwanza yanamhusu guru: kutafuta hifadhi kwake, kupokea diksha na mafunzo kutoka kwake, na kumtumikia kwa imani.

Hata hivyo, mapokeo hayohayo yanafundisha kwamba jina la Mungu lina nguvu kamili na halitegemei diksha. Kwa nini basi diksha iwepo? Jiva analijibu swali hili kwa kumtazama binadamu mwenyewe. Watu wengi wana tabia zilizokwisha kuota mizizi na nia isiyotulia; utaratibu wa diksha na ibada ya sanamu huwasaidia kujizuia. Aidha, mantra humweka mja katika uhusiano mahususi na Mungu. Kwa maelezo hayo, diksha haiongezi nguvu ya jina, bali humtengeneza mtu anayelitamka.

3.0 Sifa za Guru na Muda wa Kupimana

Haribhaktivilasa, kitabu cha taratibu za ibada cha mapokeo haya, kinaagiza kwamba guru na mwanafunzi wakae pamoja na kupimana kwa mwaka mmoja kabla ya diksha. Agizo hili linaonesha kwamba kumchunguza mwalimu si utovu wa adabu. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza kama mwalimu anaishi anavyofundisha, na mwalimu ana wajibu wa kujua anampokea nani.

Kuhusu nasaba, maandiko ya mapokeo haya yana mvutano. Kitabu hicho kinampa kipaumbele guru wa tabaka la Brahmana. Kwa upande mwingine, wasifu wa Caitanya unamnukuu akimwambia Ramananda Raya, mtawala wa tabaka la Shudra, kwamba yeyote anayeijua kweli ya Krishna anafaa kuwa guru. Mwanzoni mwa karne ya 20, Bhaktisiddhanta Saraswati (1874–1937) aliushikilia msimamo huo wa pili kwa kuwavisha uzi mtakatifu wanafunzi wasiozaliwa katika tabaka la Brahmana.

4.0 Mipaka ya Mamlaka

Mapokeo ya Gaudiya hutofautisha guru wa diksha, ambaye huwa mmoja, na guru wa shiksha, yaani wa mafunzo, ambao wanaweza kuwa wengi. Kwa hiyo mwanafunzi hafungiwi katika kauli ya mtu mmoja. Kauli ya guru hupimwa kwa mizani ya maandiko na mwenendo wa waja wema. Jiva anakwenda mbali zaidi: akitegemea Mahabharata, anaruhusu kuachwa kwa guru mwenye majivuno, asiyejua la kutenda na la kuacha, na aliyepotoka.

Uzito wa mafundisho haya ulionekana baada ya kifo cha A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwanafunzi wa Bhaktisiddhanta, aliyeanzisha jumuiya ya ISKCON mjini New York mwaka 1966 na kuzuru Kenya mwaka 1971. Alipofariki mwaka 1977, wanafunzi wake 11 walitambuliwa kuwa maguru, kila mmoja akiwa na eneo lake la dunia. Katika miaka kumi iliyofuata, baadhi yao walivunja viapo vyao, na waliopewa diksha nao walitikisika kiimani. Jumuiya iliuondoa mfumo wa maeneo na kuruhusu maguru wengi zaidi. Kundi jingine lilidai kwamba Prabhupada pekee abaki kuwa guru wa diksha na wengine wawe makasisi wa kumwakilisha. Wapinzani wa dai hilo walijibu kwamba silsila huhitaji mwalimu aliye hai.

5.0 Hitimisho

Mgogoro huo haukutokana na upungufu wa mafundisho kuhusu mipaka ya guru. Mipaka hiyo ilikuwa imeandikwa karne nne kabla. Palipokosekana ni pale mwanafunzi alipopangiwa guru kwa kufuata eneo alilokaa, hata nafasi ya kupimana ikatoweka. Diksha inayotolewa bila kupimana hubakisha utiifu na kuondoa ujuzi wa nani anayetiiwa. Kwa msingi huo, makala haya yanahitimisha kwamba uchunguzi wa mwanafunzi ni sehemu ya heshima kwa guru, na ndio unaomlinda mja siku mwalimu anapoanguka.