Miwani ya Uhalisia Pepe katika Makao ya Wazee

Uhalisia pepe ni mandhari iliyobuniwa kwa kompyuta, au iliyopigwa kwa kamera inayonasa pande zote kwa pamoja, ambayo huoneshwa ndani ya miwani mikubwa inayoziba macho kabisa. Kila jicho hupewa picha inayotofautiana kidogo na ya jicho la pili, nao ubongo huziunganisha zikawa mahali penye kina, huku vihisio vilivyomo ndani ya miwani vikipima mgeuko wa kichwa na kuibadili picha papo hapo. Kifaa alichokiunda Ivan Sutherland nchini Marekani mwaka 1968 kilikuwa kizito, nacho kilining'inizwa darini. Miwani ya leo ina uzito wa takriban nusu kilo, na kwa sababu hiyo imeweza kuingia katika makao ya wazee.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walieleza yaliyotokea walipowavisha miwani hiyo wagonjwa 8 wenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra kutokana na maradhi ya ubongo, waliokuwa wamelazwa katika hospitali ya milango iliyofungwa. Wagonjwa walichagua wenyewe pa kwenda kati ya kanisa kuu, msitu, mashambani, ufuo wa mchanga na ufuo wa mawe. Baadhi yao walikumbuka mambo ya zamani na kuyasimulia, hata wauguzi wakajua habari za maisha yao ya kabla ya ugonjwa, na mmoja alichora ufuo katika kipindi cha sanaa kilichofuata. Uchaguzi huo si jambo dogo, kwa kuwa mkazi wa makao ya wazee, kama mgonjwa aliyelazwa, hupangiwa saa ya kuamka, ya kula na ya kuoga, na ni nadra kuulizwa anataka kwenda wapi.

Utafiti mkubwa zaidi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliwahusisha wazee 245 wenye umri wa miaka 65 hadi 103, katika makao 17 ya Marekani, waliotazama filamu za dakika 7. Karibu asilimia 80 walisema wamechangamka zaidi, lakini jibu linalotolewa baada ya kutazama halithibitishi kwamba upweke wa miaka mingi umetibika.

Madhara nayo yapo. Macho yanapoona mwendo ilhali sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, linahisi utulivu, kichefuchefu na kizunguzungu hufuata. Kwa hiyo inafaa mzee aketi, atazame filamu fupi ambayo kamera yake haitembei, na mhudumu awe kando yake. Mwenye demensia huenda asitambue kwamba genge analoliona ni picha tu, hivyo aelezwe mapema, ashikwe mkono, avuliwe miwani mara anaposhtuka, kisha mhudumu aketi naye na kusikiliza alichokiona.