SIKU MBILI ZIWANI: TWENDE WOTE, TURUDI WOTE

Ndugu wafanyakazi, pamoja na mama na watoto,

Wenzetu wengine, wakiisha kulipwa, hutelemka kupitia Fizi mpaka Baraka, hukodi mtumbwi wa mota na kwenda kulala siku mbili kwenye mchanga wa Ubwari. Ni jambo jema. Mwili uliochoka kazini unahitaji hewa safi. Lakini wengi kati yetu tumezaliwa milimani; hatari za mgodi tunazijua, hatari za ziwa hatuzijui.

UPEPO UNATOKA WAPI?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1.470. Kati ya Baraka na rasi ya Ubwari, ndani ya ghuba ya Burton, maji yamekingwa kidogo. Ukizunguka ncha ya rasi, unakuta ziwa wazi.

Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Ndiyo sababu mawimbi huamka mchana. Usiku mambo hugeuka: hewa ya baridi hutelemka kutoka milimani na kusukuma vyombo katikati ya ziwa. Mtu aliyezimikiwa na mota usiku anaweza kuona, kukipambazuka, kwamba pwani iko mbali. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huongeza nguvu. Wakati wa mvua dhoruba huja kwa ghafula.

Kwa hiyo ondokeni mapema asubuhi, muwe mmefika kabla ya saa sita. Mvuvi wa pale akisema leo hapana, ni hapana.

Hatari kubwa ni siku ya Mungu jioni, kila mtu anapowaza kazi ya kesho. Ndugu, kukosa kazi siku moja ni hasara ya siku moja tu. Laleni pwani, mrudi asubuhi.

MZIGO NA HESABU

Mwezi wa Desemba 2014, chombo Mutambala, kilichotoka Kalemie kikielekea Uvira, kilipinduka. Watu zaidi ya 120 walikufa. Watu na mizigo ilizidi, na upepo ulikuwa mkali. Tusisahau.

1. Kila mtu, na kila mtoto, avae jile ya kuokolea tangu pwani. Jile iliyokaliwa kama mto haiokoi mtu.
2. Mtumbwi ukikaa chini sana majini, punguzeni mizigo au watu.
3. Pombe ingoje nchi kavu, na nahodha asinywe kabisa.
4. Mtumbwi ukipinduka, ushikeni. Mbao huelea, anayejaribu kuogelea mpaka pwani huchoka njiani.
5. Shimoni tunahesabiwa tukiingia na tukitoka. Fanyeni vilevile: acheni nyumbani majina ya wasafiri, mahali mtakapolala na saa ya kurudi. Mama asipowaona, ajue wa kumwambia.

Kabla ya kuondoka, ulizeni pia bandarini habari za usalama wa sehemu mnayokwenda.

MAJI NA MALAZI

Maji ya ziwa ni meupe, lakini kolera haionekani kwa macho, nayo hurudi mara kwa mara Fizi, Baraka na Uvira. Chemsheni maji ya kunywa, mnawe mikono kwa sabuni, na mjisaidie mbali na maji, kisha mfukie. Mtu akiharisha maji matupu, anywe mara moja: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Endeleeni kumnywesha huku mnampeleka kituo cha afya.

Msioge penye majani na maji yaliyotulia: konokono wa kichocho hukaa huko, na mamba na kiboko hupapenda pia.

Laleni ndani ya chandarua. Homa ikija wiki mbili baadaye, njooni kupimwa damu. Wala msiingize babula ya makala ndani ya hema: moshi wake usioonekana huua kama hewa mbaya ya shimoni.

MTU AKIZAMA

Msimning'inize kichwa chini. Mlazeni chali. Kama hapumui, bana pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na upesi, pumzi 2, mara 30 tena. Msiache mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka, apelekwe kwa muganga hata akisema amepona: maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumlemea saa chache baadaye.

Pumzikeni vema, ndugu. Siku ya kwanza tutawahesabu kazini, na hesabu itimie.