Sauti Inapofika, Ndipo Kundi Linapoishia

Saa kumi na moja jioni, tembo kumi na mmoja wanatoka kwenye kinamasi cha Enkongo Narok. Chini ni weusi kwa matope, juu ni wa kijivu kwa vumbi. Ghafla wote wanaganda. Mmoja alikuwa ameinua mguu wa mbele na ameuacha hapohapo, nusu hatua. Masikio yametandazwa, mikonga imening'inia, hakuna anayetafuna. Aliyeketi ndani ya gari hasikii kitu. Baada ya muda jike mkubwa anageukia kusini na wenzake wanamfuata, kama watu walioitwa. Na kweli wameitwa.

Hifadhi ya Taifa ya Amboseli, Kenya, ina kilomita za mraba 392 tu. Maji ya Mlima Kilimanjaro hupenya chini ya miamba ya volkano na kuibuka hapa kama vinamasi. Kiangazi tembo hujazana penye maji. Mvua ikinyesha hutawanyika, wengine hadi Tanzania. Ukiwatazama kutoka kwenye ndege utaona vikundi vidogovidogo: hapa wanane, kule watano, dume mmoja peke yake chini ya mgunga. Ni rahisi kudhani hawahusiani. Lakini Cynthia Moss, aliyeanza kuwafuatilia tembo wa Amboseli mwaka 1972, pamoja na wenzake walizitambua familia za majike wa ukoo mmoja zinazogawanyika asubuhi na kukutana tena jioni. Wanajuanaje walipo?

Jibu lilianza kuonekana mbali na Afrika. Mwaka 1984, Katy Payne, mtafiti wa nyimbo za nyangumi, alikuwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa ikitetemeka karibu na tembo, ingawa hakusikia sauti. Alikumbuka utotoni, alipokuwa akiimba kwaya kanisani karibu na bomba kubwa la kinanda: noti za chini kabisa zilimtetemesha kifua kuliko zilivyosikika. Vinasa sauti vilithibitisha hisia yake. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Mvumo wa tembo unaweza kushuka hadi 14.

Sauti nzito kiasi hicho haimezwi upesi na majani wala vichaka. Mchana, ardhi ya moto na upepo huivuruga. Jua likizama, ardhi hupoa, hewa baridi hulala chini na ya joto hubaki juu yake, na mvumo uliokuwa ukipotelea angani huinamishwa kurudi chini. Usiku ukiwa shwari unaweza kufika karibu kilomita kumi. Kwa hiyo tembo waliotapakaa nyikani huenda bado wako pamoja kwa namna yao, na mimi ningependa siku moja nione ramani ya tembo iliyochorwa kwa masikio badala ya macho.

Mvumo huo ndio pia unaomleta dume. Madume waliokomaa huishi kando na familia, naye jike huwa kwenye joto siku chache tu, kisha akishika mimba miaka kadhaa hupita. Asipoita, nafasi hiyo itapita.

Mtafiti Karen McComb na wenzake walirekodi huko Amboseli miito ambayo majike huitana wakiwa mbali, kisha wakaipiga kwa spika. Waligundua kuwa jike mmoja hutambua sauti za majike wapatao 100, wa familia kama 14. Wakisikia sauti ya mgeni, hujikusanya na kunusa hewa. Majike wazee ndio wanaopambanua vizuri zaidi. (Jangili anayetafuta pembe kubwa humuua, basi, yule mwenye daftari la majina ya ukoo mzima.) Safari moja watafiti walipiga sauti ya jike aliyekwisha kufa. Familia yake iliitikia na kuisogelea spika. Ilikuwa miezi mitatu baada ya kifo. Waliporudia mwezi wa 23, iliitikia tena.

Mwaka 2024 utafiti wa rekodi 469 kutoka Amboseli na Samburu ulionyesha kuwa baadhi ya mivumo humlenga tembo mmoja maalumu, mfano wa jina. Tembo 17 walichezewa miito. Mwito uliowalenga wenyewe waliujibu na kuukaribia upesi kuliko uliowalenga wengine. Kama ndugu wote humwita mmoja kwa jina lilelile, bado halijathibitishwa.

Mashariki mwa hifadhi, upande wa Kimana, njia ya tembo imebanwa na mashamba ya nyanya na vitunguu, na uzio wa nyaya za umeme umeongezeka. Uzio humzuia tembo, mvumo hupita. Jike aliyebaki upande wa kinamasi humsikia bintiye vizuri tu, ng'ambo ya waya.