Pasentaili 90 si asilimia 90: Mzazi asome vipi matokeo ya JEE ya India

Matokeo ya JEE Main yakitoka, mzazi anaona kwenye simu 90 na desimali nyingi nyuma yake. Anampigia babu, anampigia shangazi, jirani naye anasikia. Baadaye inajulikana kuwa mtoto hakuvuka kwenda hatua ya pili, na lawama zote zinamwangukia yeye. Kumbe mtoto hakudanganya. Namba ndiyo iliyosomwa vibaya.

JEE Main ni mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi nchini India, hufanyika Januari na Aprili. Wanaofanya vizuri huenda JEE Advanced, unaofungua mlango wa vyuo 23 vya IIT. Huku kwetu jina la IIT limezoeleka zaidi tangu 2023, IIT Madras ilipofungua tawi Zanzibar, la kwanza la IIT nje ya India. Tawi hilo lina mchujo wake. Kwa IIT za India kwenyewe, mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa kwenda JEE Advanced bila kupitia JEE Main, lakini mtihani ni uleule mgumu.

Mtihani wa JEE Main una alama 300. Jibu sahihi hupewa 4, kosa hukatwa 1. Ila kwa kuwa hufanyika kwa siku na zamu tofauti, kinachotangazwa ni pasentaili, yaani katika kila watahiniwa 100, mtoto amewafikia au kuwapita wangapi. Haisemi amepata maswali mangapi.

Mwaka 2024 walifanya watu milioni 1.4 hivi. Mwenye pasentaili 90 alikuwa na watu wapatao 140,000 mbele yake. Uwanja wa Mkapa ukijaa mara mbili, bado wengine wa mbele yake wangebaki nje. Kwa asiye katika makundi yenye mgawo maalumu, kuvuka mwaka huo kulihitaji zaidi ya 93.

Hata kuvuka si kupata chuo. Katika JEE Advanced ya 2024 walifanya watu 180,000 hivi, wakafaulu 48,248, na nafasi zote za IIT zilikuwa 17,740. Zaidi ya 30,000 walifaulu na hawakuwa na kiti. Kuwaita hao wameshindwa ni uonevu.

Kwa hiyo anayetaka kukadiria nafasi ya mwanawe aache pasentaili, aangalie namba yake kwenye foleni ya nchi nzima, kisha ailinganishe na namba ya mtu wa mwisho aliyepokelewa mwaka uliopita katika kozi hiyohiyo. JoSAA, chombo kinachogawa nafasi, huzitangaza. Kozi ya kompyuta IIT Bombay miaka ya karibuni imefungwa kabla ya mtu wa 70 kwa nafasi zisizo za mgawo. Kozi nyingine chuoni hapohapo huwapokea waliofika mbali zaidi ya hapo. Vyuo vya NIT navyo huwawekea wenyeji wa jimbo nusu ya nafasi, hivyo watoto wawili wenye namba moja wanaweza kupata majibu tofauti.

Hesabu hii inagusa afya. Kota, mji wa Rajasthan unaojulikana kwa tuisheni ya mitihani hii, ulipoteza zaidi ya wanafunzi 20 kwa kujiua mwaka 2023. Mwezi Agosti uongozi wa wilaya ulisimamisha majaribio ya tuisheni kwa miezi miwili, na Januari 2024 serikali ya India ikaagiza vituo visiandikishe walio chini ya miaka 16.

Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Wazazi wengi huuliza alama za jaribio la juzi kabla ya kuuliza kama mtoto amelala. Akianza kukosa usingizi, kuacha chakula, kujitenga, au kusema yeye ni mzigo, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kesho yake ana mtihani.